Rangi za Jeshi la Wambunga

Wambunga waliingia Bonde la Kilombero katika miaka ya 1860 wakiwa tayari na sura ya jeshi. Asili yao kubwa ni Wandendeuli wa kusini, waliotawaliwa na Wangoni wa Maseko hadi Wangoni wengine, wa Njelu na Mshope, walipowashinda Wamaseko na kuwarudisha ng'ambo ya Mto Ruvuma. Sehemu ya Wandendeuli ilikimbilia kaskazini, ikashuka kwenye bonde pana lililolala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, ikajikita pande za Ifakara. Huko iliwakuta Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga, na Wapogoro wa milimani. Sehemu za juu za bonde zilikuwa chini ya Wabena. Wageni hao hawakuwa wengi. Walichowazidi nacho majirani zao ni elimu waliyoipata kwa mabwana wao wa zamani: namna ya kupigana na namna ya kuonekana vitani.

Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Ngao ya ngozi ya ng'ombe, mkuki mfupi wa kuchoma, rungu, manyoya kichwani na vipande vya ngozi kiunoni na miguuni vilikuwa vifaa vya vita, na papo hapo vilikuwa tangazo. Chimbuko la mtindo huo ni kusini mwa Afrika, katika vita vya zama za Shaka mwanzoni mwa karne ya 19. Makundi yaliyokimbia vita hivyo yalivuka Mto Zambezi katika miaka ya 1830 na kusambaza mtindo wao hadi pande za Ziwa Victoria, na kila walipopita, waliopigwa nao walijifunza kuvaa kama wao. Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyeachiwa uongozi wa msafara baada ya Keith Johnston kufa Behobeho Juni 1879, alipita katika nchi ya Mahenge mwaka huohuo. Aliyewatazama watu wa huko kwa mbali angedhani amewaona Wazulu. Thomson alitambua kuwa watu aliokutana nao hawakuwa Wazulu, bali walikuwa wameyachukua mavazi na silaha za Kizulu kwa sababu jina hilo lilitisha.

Huko pwani jina lililotisha lilikuwa Mafiti. Waswahili wa Kilwa hadi Bagamoyo waliwaita hivyo wavamizi wote wa bara waliovaa Kingoni, bila kuuliza kabila. Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, alipopigana na Wajerumani mwaka 1889 na kuanza kushindwa, alitafuta msaada wa Mafiti hao. Walishuka kuelekea pwani, na Oktoba mwaka huo kikosi cha Karl von Gravenreuth kikawashinda. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba. Kwa miaka thelathini hivi, basi, ngao na manyoya vilikuwa vimeshinda vita vingi kabla mkuki haujarushwa, kwa sababu aliyeviona alikimbia. Jeshi la Wambunga lilikuwa limejipamba kwa makusudi, na kila rangi yake ilikuwa na kazi. Jambo hili linapaswa kutangulia katika habari ya sanaa ambayo leo inalipa jeshi hilo uhai mwingine: sanaa ya kupaka rangi visanamu vya askari kwa ajili ya michezo ya vita inayochezwa mezani.

Michezo hiyo ilianzia katika jeshi la Prussia. Mwaka 1812 Georg von Reisswitz alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza yenye vipande vya ardhi vinavyoweza kupangwa upya, na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, alichapisha kanuni za mchezo wa kuchezwa juu ya ramani kwa vibao vidogo na dadu. Vibao vya Waprussia vilipakwa buluu, vya adui vikapakwa nyekundu. Mkuu wa majeshi aliupenda, akauagiza utumike kufundishia maofisa. Kwa njia hiyo maofisa wa Kijerumani waliokuja Afrika Mashariki miaka sabini baadaye walitoka katika jeshi lililozoea kuifikiria vita kama vipande vya rangi mbili juu ya meza.

Upande wa watoto, mafundi wa Nuremberg walikuwa wakimimina askari bapa wa bati tangu karne ya 18. Kampuni ya William Britain ya London iligundua mwaka 1893 jinsi ya kumimina askari wa risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, na ikauza majeshi ya dunia nzima kwenye maboksi mekundu. Miongoni mwao walikuwamo Wazulu: watu wanaokimbia, wote kwa mkao unaofanana, wote wamepakwa rangi moja ya kahawia inayong'aa. Mwandishi H. G. Wells alitumia askari wa aina hiyo na mizinga midogo ya springi alipochapisha kanuni zake za vita vya sakafuni mwaka 1913. Kwa hiyo sura ya mpiganaji wa Kiafrika iliingia katika mchezo huu mapema sana, na iliingia ikiwa sura moja tu: mtu asiye na jina, anayekimbia kuelekea bunduki.

Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta vibwengo katika michezo hiyo. Hadithi za J. R. R. Tolkien, kuanzia kitabu chake cha mwaka 1937, ziliwapa wasomaji wa Ulaya majeshi ya viumbe wabaya wanaotoka mapangoni kwa maelfu. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulifuata Marekani mwaka 1974, na mwaka 1983 kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ikatoa Warhammer, ambamo vibwengo walikuja kuwa jeshi kamili lenye ngozi ya kijani, ngao zilizochorwa nyuso na tabia zao maalumu. Kanuni zinawataka wawe wengi, wawe rahisi, wagombane wenyewe kwa wenyewe na wakimbie mapema. Mwaka 2000 kampuni hiyo ilitoa mchezo mwingine, Warmaster, ambamo visanamu vina urefu wa takriban milimita 10, hivyo mchezaji akaweza kutandaza mezani umati wa mamia ya vibwengo.

Umati huo haukubuniwa kutoka hewani. Mwaka 1979 Mmarekani Larry Brom alichapisha kanuni za vita vya kikoloni zilizopendwa sana, na kabla na baada yake zilitoka nyingine nyingi za aina hiyo. Katika meza za vita vya kikoloni upande mmoja una askari wachache wenye bunduki nzuri, na upande wa pili una watu wengi wenye mikuki. Ukiondoa ngozi ya kijani, jeshi la vibwengo na jeshi la "wenyeji" yanaendeshwa kwa mawazo yaleyale. Mpaka rangi akiyachanganya, hata bila nia mbaya, anawageuza watu wa Mahenge na Ifakara kuwa vibwengo. Kosa hili ni la kihistoria kwanza, na la sanaa pia, kwa sababu jeshi lililopakwa kama umati halipendezi hata kulitazama.

Mapigano ya Mahenge ya tarehe 30 Agosti 1905 yanaonyesha kosa hilo vizuri kuliko mengine. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza Julai huko Umatumbi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kinga, alikuwa amenyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini habari za maji zilikwisha kupanda Mto Rufiji na kufika Kilombero. Wambunga walikivamia kituo kidogo cha askari kilichokuwa Ifakara. Kisha wao na Wapogoro wakapanda kuiendea boma ya Mahenge. Ndani ya boma alikuwamo Theodor von Hassel akiwa na askari wapatao sitini, mamia kadhaa ya wapiganaji wa kienyeji waliomuunga mkono, na bombomu mbili. Kiongozi wa Wabena, Kiwanga, alikuwa upande wa Wajerumani, na vita hivyo ndivyo vilivyomuua.

Washambuliaji hawakukubaliana saa ya kuanza. Safu ya kwanza ilisonga mbele peke yake, ikapokelewa na risasi ikiwa bado mbali, ikavumilia kwa takriban robo saa, ikavunjika. Baadaye ikatokea safu ya pili kutoka mashariki, watu zaidi ya elfu moja. Hawa waliendelea kusonga huku wakianguka, na baadhi yao walifika hatua tatu tu kutoka kwenye mstari wa askari kabla ya kuuawa. Hatua tatu mbele ya bombomu! Hakuna kanuni ya vibwengo inayoruhusu jambo hilo. Kibwengo angekuwa amekwisha kimbia zamani. Watu hao walikuwa na mpango, viongozi, mafunzo na imani, na kilichowaponza ni saa mbili tofauti za kuanza pamoja na silaha ambayo hawakuwa nayo. Boma iliendelea kuzingirwa hadi kikosi cha Ernst Nigmann kilipofika kutoka Iringa mwezi Septemba. Yaliyofuata hayawezi kuwekwa mezani kabisa: mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikaingia. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa katika vita hivyo kwa jumla kuwa 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa akafikisha hesabu hiyo kati ya 250,000 na 300,000.

Majeshi ya Afrika Mashariki yalipata visanamu vyake maalumu mwishoni mwa karne ya 20. Mchongaji wa Kiingereza Mark Copplestone aliifanyia kampuni ya Foundry mkusanyo mkubwa wa visanamu vya milimita 28 wenye rugaruga (wapiganaji wa kukodiwa), Wamasai, askari wa Kijerumani na wafanyabiashara wa Kiswahili, na mwandishi Chris Peers akaeleza majeshi hayo katika vitabu. Kazi hiyo ilikuwa hatua kubwa. Nyuso zinatofautiana, mikao ni mingi, na rugaruga amevaa kile alichokipata, kama ilivyokuwa kweli. Kufikia wakati huo risasi ilikuwa imeanza kuachwa kwa sababu ya sumu yake, na mafundi wakawa wanamimina mchanganyiko wenye bati nyingi. Visanamu vingi vya leo ni vya plastiki.

Kupaka rangi jeshi la visanamu vidogo ni kazi tofauti na kupaka kisanamu kimoja kikubwa. Kitu kidogo huonekana cheusi kuliko rangi yake halisi, kwa hiyo fundi huchagua rangi yenye mwanga zaidi kuliko ile ya asili. Kwanza kisanamu huoshwa kwa sabuni, hukwanguliwa mabaki ya kalibu, hubandikwa kwenye kijiti na kupakwa praima. Wengi hutumia praima nyeusi kwa umati, maana palipokosa kufikiwa na brashi hubaki kivuli. Baada ya hapo rangi za akriliki huwekwa bapa kwa bapa: ngozi, nguo, ngao, silaha. Kisha hupitishwa rangi nyepesi sana ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji, ikatiririka mashimoni na kuchora mistari ambayo mkono usingeweza. Mwisho brashi iliyofutwa hadi kukaribia kukauka huparuza juujuu kwa rangi ya mwanga, na manyoya, mikunjo na ncha za mikuki hujitokeza.

Katika jeshi la Wambunga, mahali pa kutulia ni kwenye ngao. Ngao za Wangoni wa Afrika Mashariki zilikuwa ndogo kuliko zile kubwa za Wazulu wa zama za Shaka, na ngozi ilibakizwa manyoya yake, kwa hiyo kila ngao ilikuwa ng'ombe fulani: mwekundu, mweusi, wa mabaka, mweupe mwenye madoa, wa kijivu. Kwenye kisanamu cha milimita 10 ngao inalingana na punje ya mchele. Madoa kumi hayaenei humo, na yakilazimishwa huonekana kama uchafu. Fundi mzoefu hupaka ngao nzima rangi ya maziwa iliyochanganywa na kahawia kidogo, halafu huweka mabaka mawili tu makubwa yasiyolingana, moja likikatwa na ukingo wa ngao, kisha hupitisha mstari mwembamba wa kahawia katikati kuonyesha fimbo inayoishikilia. Kati ya ngao na mwili huachwa uzi wa giza. Ngao arobaini zikipakwa hivyo, hakuna mbili zinazofanana, na safu nzima inasomeka kutoka upande wa pili wa meza.

Ngozi ya mwili nayo inadai uangalifu ambao visanamu vya Britain havikuupata. Kikosi cha watu mia kikipakwa kahawia moja hufa. Rangi tatu au nne za msingi, kuanzia ya udongo mwekundu hadi nyeusi yenye buluu, zikigawanywa bila mpangilio, hurudisha watu mahali pa umati. Nguo za mwaka 1905 hazikuwa zile za 1865. Biashara ya pwani ilikuwa imeeneza kaniki na merikani, na wapiganaji wengi wa Maji Maji walivaa kitambaa cheusi au cha buluu iliyokolea. Katika sehemu mbalimbali za vita walifunga mabua ya mtama kichwani kama alama ya waliokunywa maji. Baadhi walishika magobori. Anayepaka jeshi la Mahenge akiwavika wote ngozi za chui na manyoya marefu atakuwa amepaka babu zao.

Upande wa boma, askari huvaa kaki, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki yenye tai wa fedha mbele, na pataa za buluu miguuni. Bunduki yao ya wakati huo, Mauser ya mwaka 1871, ilitumia baruti nyeusi yenye moshi mwingi mweupe, na wachezaji huuonyesha kwa pamba iliyochambuliwa. Nao pia hawakuwa Wazungu. Jeshi la Mjerumani Hermann von Wissmann, chimbuko la askari hao, lililoanza mwaka 1889 lilikuwa na Wasudani na watu kutoka kusini mwa Afrika Mashariki ya Kireno, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Baadaye wakaongezeka Wanyamwezi, Wamanyema na wengineo. Mahenge ilikuwa vita ambayo wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na rangi za ngozi mezani zinapaswa kulisema hilo.

Vitako vya visanamu hufanya nusu ya kazi, ingawa wengi huvimaliza kwa haraka. Ifakara iko takriban mita 250 juu ya usawa wa bahari, kwenye tifutifu na mfinyanzi wa mafuriko, udongo wa kijivu hadi mweusi unaopasuka kiangazi. Mahenge iko nyanda za juu, karibu mita 1,000, na udongo wake ni mwekundu. Jeshi la Wambunga lililotoka bondeni kwenda kushambulia boma linaweza kupakwa kwenye vitako vya udongo mwekundu, na vumbi jekundu likaparuzwa miguuni mwa wapiganaji. Agosti ni kiangazi: nyasi ni za rangi ya majani makavu, sehemu nyingine zimeungua na kuwa nyeusi, na baadhi ya miti ya miombo inakaribia kutoa majani mapya yenye wekundu wa shaba, kabla mvua hazijaja. Kitako cha kijani kibichi kama uwanja wa mpira wa Uingereza huharibu kila kitu.

Tanzania ina jadi zake za sanamu ndogo, na inafaa zikumbukwe hapa. Wasambaa, Wazigua na majirani zao walifinyanga visanamu vya udongo vya watu, wanyama na vyombo, wakavipamba kwa nyeupe, nyekundu na nyeusi, wakavipanga mbele ya wari wakati wa unyago na jando ili kila kimoja kifundishe jambo lake. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alivikusanya na kuvichapisha mwaka 1956. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 Mmakonde Samaki Likankoa alichonga jijini Dar es Salaam mashetani wa mpingo waliozaa mtindo mzima: viumbe wenye jicho moja, viungo vilivyopinda, midomo mipana. Hao ndio vibwengo wa nyumbani, na wameachwa bila rangi kwa sababu mpingo wenyewe ni rangi tosha. Anayetaka jeshi la viumbe wa kubuni lenye asili ya hapa ana pa kuanzia, bila kuwasumbua Wapogoro.

Vita vya mwisho vya zama za Wajerumani, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, havihitaji maneno mengi. Wabelgiji na askari wao wa Kikongo walishuka kutoka Kilosa mwaka 1917 na kuingia Mahenge tarehe 9 Oktoba. Kufikia hapo pande zote zilikuwa zimevaa kaki, na rangi za bonde zilikuwa zimekwisha kutoka vitani.

Kwa anayeanza jeshi hili, Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, yaliyojengwa mahali walipozikwa viongozi wa Kingoni walionyongwa mwaka 1906, ni pa kwanza pa kutembelea, na Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam ni pa pili. Akishatazama silaha na picha zilizopo, aende Ifakara wakati wa kiangazi, achukue udongo kidogo kwenye karatasi, na alinganishe rangi yake na ile ya chupa kabla hajashika brashi.